Niulize ya Jana

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijapata kazi ya ofisini, nilikuwa mdadisi wa tafiti za kaya katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Kazi yenyewe ilikuwa kubisha hodi, kuomba ridhaa, kuketi popote palipotolewa, kisha kusoma maswali kutoka kwenye kishikwambi kwa sauti isiyoonyesha jibu ninalolitarajia. Swali lililonipa taabu kuliko yote halikuhusu siri yoyote ya nyumba. Lilikuwa hili: kwa mwezi, kaya hii hutumia shilingi ngapi kwa makaa?

Mama mmoja wa Kayole, muuza mboga, alilisikia swali hilo huku akikatakata sukuma wiki za wateja wake wa jioni, na kisu hakikusimama. "Kwa mwezi sijui, mwanangu," alisema. "Niulize ya jana." Nilipomuuliza ya jana alinijibu pasipo kusita: mkebe mmoja asubuhi, mwingine jioni kwa sababu maharagwe yalikataa kuiva, mafuta ya kupima ya shilingi 30, maji mitungi mitatu, na shilingi 50 za chama ambazo alimpa mtoto azipeleke mwenyewe ili zisiliwe njiani na haja nyingine. Nilichukua ile mikebe miwili, nikazidisha kwa 30, nikajaza kisanduku cha swali na kuendelea na swali lililofuata. Nina hakika kwamba takwimu hiyo ilifika salama katika jedwali la mtu fulani. Mwezi uliomo ndani yake niliutengeneza mimi.

Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi mwaka huu, kwa sababu nimejiwekea desturi ya kusoma, jioni baada ya kazi, makala za kitaaluma zinazohusu fedha za kaya na huduma za umma hapa Kenya. Zipo nyingi kuliko nilivyodhani, na nyingine zinahusu mitaa ninayoijua kwa miguu. Kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tatizo ambalo sera zetu hulitaja kwa majina mbalimbali, mara ukosefu wa elimu ya fedha, mara kutothamini bima, mara utamaduni wa kutolipa bili, kwa sehemu kubwa ni tatizo moja la kalenda. Fedha za kaya huingia kwa siku na huduma za umma hudai kwa mwezi au kwa mwaka, na katikati yake kuna mkupuo, yaani fedha nyingi za kutolewa kwa pamoja, ambao mtu hana.

Ushahidi ulionishawishi zaidi umetoka jikoni. Mwaka 2022 Susanna Berkouwer na Joshua Dean walichapisha katika jarida la American Economic Review jaribio walilolifanya na kaya 1,000 za Nairobi kuhusu jiko la makaa lililoboreshwa, lililokuwa likiuzwa kwa takriban dola 40. Walipima na kuona kwamba jiko hilo hupunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 39, na kwamba katika miaka yake miwili ya uhai humwokolea mwenyewe dola 237. Ni biashara ambayo benki yoyote ingeikimbilia. Hata hivyo, kaya zilipoulizwa kwa njia inayomlazimu mtu kusema kweli, kwa wastani zilikuwa tayari kutoa dola 12 tu.

Maelezo ya haraka, na ndiyo niliyoyasikia nilipolisimulia jambo hili ofisini wakati wa chai, ni kwamba watu hawajui kupiga hesabu. Watafiti nao waliliwazia hilo, wakajaribu kuzielekeza kaya kuitazama kwa makini akiba ambayo jiko lingeleta wiki baada ya wiki. Haikuongeza chochote. Walipotoa mkopo wa kulilipia jiko kidogo kidogo, kiasi ambacho watu walikuwa tayari kulipa kiliongezeka zaidi ya maradufu. Kwa maneno mengine, hesabu walikuwa wanaijua tangu mwanzo. Mama wa Kayole aliyenitajia mikebe yake ya jana bila kufikiri hahitaji semina ya kumweleza kwamba makaa ni ghali.

Hapa naomba msomaji aniruhusu kufanya hesabu moja ambayo haimo katika makala hiyo, lakini inatokana na takwimu zake. Dola 237 kwa miaka miwili ni kama dola 2 na senti 28 kwa wiki. Jiko la dola 40, basi, hujilipa kwa wiki 17 na ushei, yaani takriban miezi minne. Sasa tuitazame mikopo iliyomo katika simu zetu. M-Shwari ilianza mwaka 2012 ikitoa mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ilikuja na riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka, ila mkopo wake wa mtu binafsi ulipangiwa kurejeshwa kwa siku 14. Katika siku 14 jiko litakuwa limekuokolea dola nne na nusu, na deni linakungoja likiwa zima. Tulipokuwa tukibishana kuhusu Hazina ile, hadharani na kwenye matatu, mabishano yote yalikuwa juu ya riba na udogo wa kiasi. Sikumbuki kumsikia mtu akiuliza kwa nini siku 14, wala hicho kitu ambacho mtu maskini anaweza kukinunua na kikajilipa katika muda huo ni kipi, mbali na bidhaa za kuuza kesho yake.

Sisemi kwamba mikopo hiyo haina faida. Tavneet Suri, Prashant Bharadwaj na William Jack waliichunguza M-Shwari na kukuta kwamba kaya zilizostahili mkopo zilikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuacha matumizi muhimu zilipopatwa na janga. Kabla ya hapo, Jack na Suri walikuwa wameonyesha jambo ambalo wengi wetu tulilihisi baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007: mshtuko wa mapato ulipoipata kaya isiyotumia M-Pesa, matumizi yake yalishuka kwa takriban asilimia 7, ilhali ya watumiaji hayakutikisika, kwa sababu ndugu aliye mbali angeweza kutuma kitu siku hiyohiyo. Mkopo mfupi na mchango wa ndugu huziba pengo la wiki. Kuukusanya mkupuo wa miezi minne ni kazi nyingine, na kwa kazi hiyo watu wetu walikuwa na chombo chao kabla hata ya simu.

Chombo hicho ni chama, yaani kikundi cha watu wanaochanga fedha na kupokea kwa zamu. Mimi ni mweka hazina wa chama kimoja cha kina mama huku Umoja, kwa hiyo nitazungumza kwa upendeleo ulio wazi. Chama cha mzunguko ni mashine ya kugeuza sarafu za kila wiki kuwa mkupuo. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na vyama vya namna hii magharibi mwa Kenya, eneo la Busia, wakitaka kujua kwa nini watu hawaweki akiba ya afya. Wanachama wengine walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli, na ufunguo wakakabidhiwa wao wenyewe. Hakukuwa na riba wala mafunzo marefu. Akiba yao ya afya ilipanda kwa asilimia 66. Wengine walipewa kisanduku ambacho ufunguo wake ulibaki kwa wasimamizi wa mradi, kisifunguliwe hadi fedha zitimie za kununua kifaa cha afya kilichokusudiwa. Hicho, kwa wastani, hakikusaidia sana, kwa kuwa fedha zilizofungiwa hazimfai mtu usiku mtoto anapopandwa na homa.

Wazee walituambia haba na haba hujaza kibaba. Nilipoisoma makala hiyo nilijiwazia kwamba methali ilichukulia kuwa kibaba kina mahali pa kukaa, na kwamba mwenye kibaba ndiye anayeamua lini kimiminwe.

Ushahidi mwingine umetoka Siaya na Bomet, ambako shirika la GiveDirectly limekuwa likitoa fedha taslimu bila masharti. Katika jaribio lililoanza mwaka 2018, vijiji vingine viliahidiwa senti 75 za dola kwa siku kwa kila mtu mzima kwa miaka 12, vingine kiasi hichohicho kwa miaka miwili tu, na vingine vikapewa takriban dola 500 kwa mkupuo. Matokeo ya miaka ya mwanzo, yaliyotolewa mwaka 2023, yalionyesha kwamba waliopewa mkupuo walianzisha biashara na kupata mapato zaidi kuliko waliopokea kidogo kidogo kwa miaka miwili. Na wale wa miaka 12 je? Nao walifanya vizuri, na miongoni mwa mambo waliyoyafanya ni kuingia katika vyama vya mzunguko, ili zile senti za kidogo kidogo ziwe mkupuo. Mweka hazina yeyote wa chama hangeshangaa.

Nirudi Nairobi, kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapokuwa chungu. Aidan Coville, Sebastian Galiani, Paul Gertler na Susumu Yoshida walichunguza ulipaji wa bili za maji katika makazi yasiyo rasmi ya jiji hili. Walijaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwakutanisha wateja na watumishi wa kampuni ya maji ana kwa ana, kuwaeleza na kuwasikiliza, kwa matumaini kwamba uhusiano mwema ungeleta malipo. Haikubadilisha kitu. Ya pili ilikuwa kumpa mwenye ploti onyo wazi la kukatiwa maji, kisha kulitekeleza asipolipa. Malipo yalipanda, na vipimo vyao havikuonyesha madhara kwa afya ya watoto wala kwa namna wapangaji walivyoitazama kampuni. Makala ilipoanza kusambaa mwaka 2020, wakati wa korona ambapo sote tulikuwa tukihimizwa kunawa mikono, hasira ilizuka mtandaoni: inawezekanaje watu wakatiwe maji kwa ajili ya jaribio? Watafiti walilazimika kutoa maelezo marefu ya kimaadili, wakieleza kwamba kukata maji kwa asiyelipa ilikuwa kanuni ya kampuni tangu zamani.

Mimi niliisoma makala hiyo nikiwa na kumbukumbu yangu. Katika ploti niliyoishi zamani, maji yalikuwa ndani ya kodi. Tulilipa kabla ya tarehe tano, maji yakiwemo, na mita ilikuwa moja, kwa jina la mwenye nyumba ambaye hatukuwahi kumwona zaidi ya mara mbili. Siku moja vijana wawili walikuja na spana, wakafunga, wakaondoka. Kaya 14 zilibaki zikitazamana uani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na deni la maji. Kwa siku sita tulinunua mitungi ya mkokoteni, kila mtungi ukigharimu zaidi ya nilivyotaka kuamini, hadi msimamizi wa ploti alipompata mwenye nyumba kwa simu. Katika daftari la kampuni, bila shaka, siku hiyo ilihesabiwa kuwa ushindi: onyo lilitolewa, likatekelezwa, deni likalipwa. Yawezekana kabisa kwamba kwa wastani wa ploti zote athari kwa wapangaji ilikuwa ndogo mno kuonekana, na sina sababu ya kuutilia shaka ufundi wa waliopima. Ninachosema ni kwamba adhabu ilipita juu ya mkoba wa mdaiwa na kutua katika mikoba 14 ya watu waliokwisha kulipa, na ilitudai fedha siku ambayo hatukuzipangia.

Jambo ambalo ningependa lingezungumzwa zaidi ni kwamba katika Kayole Soweto kampuni hiyohiyo iliwahi kujaribu njia nyingine, iliyoitwa Jisomee Mita. Mteja aliisoma mita yake mwenyewe, akatuma namba kwa simu, akaambiwa deni lake lilivyo siku hiyo, akalipa alichonacho bila kungoja bili ya mwisho wa mwezi. Jina lenyewe linaeleza kila kitu. Ni mfano adimu wa mtumishi wa umma aliyekaa chini akajiuliza fedha huingia lini mkononi mwa mtu, kisha akaisogeza bili kuifuata fedha. Tokeni za stima zimefanya hivyo pia, ingawa nashuku kwamba nia yake ya kwanza haikuwa huruma. Wafanyabiashara walilitambua jambo hili zamani, ndiyo maana duka la mtaani linauza kila kitu kwa kipimo cha kadogo, kuanzia sabuni ya unga hadi dawa ya meno.

Nisieleweke kana kwamba kila shida ya kaya ya Nairobi ni shida ya mkupuo. Benjamin Marx, Thomas Stoker na Tavneet Suri waliichunguza Kibera, wakakuta kwamba pale mwenye nyumba na chifu wanapokuwa wa kabila moja, wapangaji hulipa kodi iliyo juu kwa asilimia 6 hadi 11 na kuishi katika nyumba duni zaidi. Chifu anapokuwa wa kabila la wapangaji, kodi hushuka. Hakuna mpango wa malipo ya awamu utakaoliponya hilo. Hapo kalenda haihusiki, ni nguvu ya ofisi ya umma inayoegemea upande mmoja, na inastahili makala yake yenyewe.

Nimelifikia jambo lililonifanya nianze kuandika, ambalo ni bima ya afya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima hiyo. Mimi niliye na ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla sijauona; sikuwahi kuamua kuwa na bima wala kuitafutia fedha. Aliye nje ya ajira rasmi hupimwa uwezo wa kaya yake kwa maswali, yale maswali yangu ya zamani yakiwa yamerudi katika vazi jipya, kisha hupangiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Ila halipi shilingi 300. Hulipa mwaka mzima kwa pamoja, mbele, yaani si chini ya shilingi 3,600. Chini ya NHIF watu hawa walilipa shilingi 500 kila mwezi. Kwa mwaka mchango wa sasa wa chini ni nafuu zaidi, na kwa mtu anayeuza sukuma wiki ni mzito zaidi, na kauli hizo mbili hazipingani hata kidogo.

Serikali yenyewe imekiri jambo hilo kimyakimya, kwani mwaka 2025 ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hukopeshwa mchango wa mwaka kisha akaurejesha kwa awamu. Nakubali kwamba ni hatua. Hata hivyo naona ajabu kwamba tulianza kwa kudai mkupuo, kisha tukatengeneza mkopo wa kuupata mkupuo huo, ilhali tungeweza kuanza kwa kupokea kidogo kidogo.

Kuhusu thamani ya bima yenyewe, kuna jaribio moja lililofanywa na mafundi wa chuma wa jua kali hapa Nairobi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Mafundi wengine walipewa bima ya afya bure kwa mwaka, wengine fedha taslimu za thamani hiyo. Katika mwaka ule bima haikuonekana kubadilisha afya yao wala mapato yao. Ilichopunguza ni msongo wa mawazo, kwa maneno yao wenyewe na pia kwa kipimo cha kotisoli, homoni ya msongo, katika mate yao. Fedha taslimu hazikufanya hivyo. Nilipowasimulia wenzangu wa chama, mmoja wao, anayeuza makaa, alisema kwamba hakuhitaji mate ya mtu kulijua hilo.

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa safu mpya katika daftari langu. Wenzangu 12 wasio na ajira walikuwa wamepangiwa kiwango cha chini kabisa. Tulikubaliana kila mmoja atoe shilingi 70 kwa wiki, zaidi ya mchango wa kawaida, ambazo ni shilingi 840 kwa wiki kwa wote, na kila baada ya wiki nne au tano mmoja alipiwe mwaka wake mzima. Kwa wiki 52 inapatikana shilingi 43,680, michango ya watu 12 ni 43,200, na shilingi 480 zitabaki. Udhaifu wa mpango huu uko wazi, nami niliueleza kabla hatujapiga kura: wa kwanza anapata kinga mwezi huu, na wa mwisho anakaa karibu mwaka mzima akichangia bima za wengine huku mwenyewe hana.

Tulipiga kura kwa vikaratasi ndani ya sufuria, Jumapili alasiri. Namba 11 ilimwangukia mwenzetu mshonaji, ambaye ana mimba ya miezi saba. Alikitazama kikaratasi chake, akakikunja bila kusema neno. Muuza makaa alikuwa na namba mbili. Alinyoosha mkono, akakichukua kile cha mshonaji, akampa chake, kisha akaniambia nirekebishe kitabu kabla wino haujakauka.